Jibu: Kwa nini wanataka choo cha mtoto mara ya pili

Salamu dada. Umeuliza kwa nini maafisa wa afya wamerudi kwako Kondele wakitaka choo cha mwanao aliyelegea mguu tena, ilhali walichukua jana na chanjo zote amepata.

Kwanza kumbuka vizuri ni tarehe gani mguu ulianza kulegea, maana hesabu yote inaanzia hapo. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea kiungo ghafla huchunguzwa polio, awe amechanjwa au la. Hawajasema anayo. Zinatakiwa sampuli 2, zikipishana angalau saa 24, zote ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee. Virusi havitoki kila anapoenda haja, kwa hiyo sampuli moja inaweza kuvikosa.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Nyalenda. Nimewahi kuketi na mama mmoja asubuhi nzima tukisubiri mtoto aende haja, poti katikati yetu, kuku wakizunguka. Poti iwe safi na kavu, bila dawa ya kuua vijidudu. Kikopo kikishafungwa kiingie papo hapo kwenye kibebeo chenye barafu. Mwombe afisa akifungue uione barafu kwa macho yako, kwa sababu sampuli ikipata joto njiani kwenda maabara ya KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba) Nairobi, imeharibika.

Matibabu hospitalini yasisimame kusubiri majibu, tafadhali. Na kadi ya chanjo uiweke karibu. Baada ya siku 60 wanaweza kurudi kuukagua mguu.