Ukitoka Iringa, watakupa aproni

Binti wa Iringa anayeshuka Dar es Salaam kufanya usaili wa tamthilia ajue mapema: akishajitambulisha tu, kuna mtu pale mezani atamuona dada wa kazi. Mimi niliulizwa kama najua kupiga deki kabla hata sijafungua skripti, kisa nimesema natokea Kihesa. Waandishi wengi wa mjini wamelelewa na mabinti wa kwetu, basi wakiandika nyumba, wanatuweka sisi jikoni.

Ushauri wangu utawaudhi baadhi ya wadogo zangu: ipokee hiyo nafasi. Ila ipokee kwa akili.

Tamthilia hairekodiwi kwa mfuatano mnaouona kwenye runinga. Sini za sebuleni hukusanywa zikapigwa kwa pamoja, hata kama moja ni ya episodi ya 3 na nyingine ya 11, maana kuhamisha taa na kamera ni gharama. Sasa dada wa kazi yumo karibu katika kila sini ya ndani: analeta chai, anafungua mlango, anatega sikio. Mwenye nyumba anamaliza maneno yake anapanda gari. Wewe umebaki na trei mpaka usiku, feni imezimwa isiingilie sauti, friji nayo imechomolewa, na jasho linakutiririka wewe uliyezoea sweta.

Kwa hiyo usikimbilie kuuliza shilingi ngapi. Uliza kwanza unalipwa kwa siku au kwa episodi. Ukilipwa kwa episodi, siku za kusubiri hazihesabiki. Uliza pia nauli na malazi. Anayeishi Sinza hafikirii kwamba wewe umetoka kilomita kama 500, umepita mlima Kitonga usiku. Halafu uliza habari ya marudio. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mwigizaji, lakini ukisaini karatasi inayosema umeachia kila kitu, utajitazama ukirudiwa mwaka mzima huku huna hata vocha. Omba nakala, ondoka nayo, mtu anayejua sheria aisome. Anayekwambia "saini hapa hapa, gari linasubiri" mwache na gari lake.

Kuhusu mhusika mwenyewe, tafuta nafasi ya kuongea na mwandishi, hata wakati wa chakula. Mimi nilimuuliza: huyu dada anajua nini ambacho mama mwenye nyumba hakijui? Alicheka. Skripti zilizofuata zilinikuta nimeficha barua ya baba mwenye nyumba. Mwandishi wa tamthilia ndefu siku zote ana njaa ya mtu anayejua siri, na aliye jikoni anasikia kuliko wote.

Lafudhi watataka uikuze ili watu wacheke. Hapo niligoma. Nilikubali kusema "kamwene", salamu ya Kihehe, mama akipiga simu kutoka kijijini, kwa namna tunavyosalimiana kweli, basi.

Mwisho, nywele. Piga picha kichwa chako, kanga na viatu kila mnapofunga sini, kwa simu yako mwenyewe. Anayesimamia mwendelezo, yaani kuona unafanana sini hadi sini, ana wahusika wengi wa kukumbuka. Na ukiitwa harusini Mafinga msimu ukiwa haujaisha, usifumue. Funga kilemba, shangazi atanuna kidogo, atazoea.