Foto si mtihani: majibu kwa wale wenye wazee wanaosahau

Tangu niandike juu ya tate yangu mwanamuke, ni kusema bibi yangu, ule aliyekuwa ananiita kwa jina la kaka yake mpaka mwisho, nimepata maswali mengi kutoka huku Goma na mbali pia. Leo nachukua matano, yote juu ya kutumia foto kuongea na mzee mwenye ugonjwa wa kusahau.

"Nikimuonyesha mama foto namuuliza 'huyu ni nani?' ananyamaza, mara zingine analia. Nakosea wapi?" (dada wa Himbi)

Pole sana dada yangu. Shida iko palepale kwenye swali. Ukimuuliza "huyu ni nani" unampa interro kama ya shule, na yeye anajua kabisa kwamba ni jambo alipaswa kujua, njo maana analia. Wewe sema kwanza. Kaa kando yake, si mbele yake, mupe foto aishike mwenyewe kwa mikono, halafu uanze: "Mama, hapa ni arusi ya shangazi, mvua ilinyesha siku ile mpaka viatu vyote vikajaa matope." Halafu unyamaze. Unyamaze kweli, muda mrefu kuliko unavyopenda, juu maneno yake yanatoka mbali na yanachelewa njiani. Foto mbili ao tatu zinatosha kwa siku, na ufanye asubuhi akishakunywa chai, kwa sababu wazee wengi wa ugonjwa huu wanachanganyikiwa zaidi jua likikaribia kuzama.

Na akikosea umuache. Akisema shangazi ni mama yake, uliza tu huyo mama alikuwa anapika nini. Mimi nilimsahihisha tate yangu karibu mwaka muzima, kila mara akiuliza kaka yake yuko wapi nilikuwa najibu "tate, alishakufa", na kila mara alikuwa anapokea msiba mupya kama vile ndiyo siku ya kwanza, analia, kesho yake anauliza tena na mimi najibu tena vilevile. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Baadaye nilijifunza kusema, "Unamupenda sana kaka yako eh, niambie habari yake," na alikuwa anatulia, anaanza kuelezea vile walikuwa wanachunga mbuzi.

"Foto zetu zote ziliungua na lava. Nitafanya nini sasa?" (kijana wa Majengo)

Ndugu yangu, mko wengi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano Nyiragongo ilipita katikati ya mji wetu wa Goma mpaka ikaingia ziwani, na watu walikimbia na watoto, nani angebeba alibamu? Lakini zamani foto ya arusi haikukaa nyumba moja, ilikuwa inagawiwa. Pigia simu jamaa wa Bukavu, wa Kisangani, wa Butembo, waliokuwa wasimamizi wa arusi, waliokuwa wanaimba kwaya na wazazi wako. Waambie watoe foto kwenye plastiki, waiweke karibu na dirisha mchana, waipige kwa telefone bila flashi wakutumie, nawe uende kuichapisha kwenye labo ya foto.

Ukikosa kabisa, tafuta foto za vitu na mahali: boti la Bukavu likitoka bandarini, soko, samaki wadogo wa sambaza wakikauka kwenye jua, kitenge cha zamani. Kuna muzee mmoja jirani yetu alikuwa fundi wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, kwa miezi hakuwa anamaliza hata sentensi moja, mjukuu wake akamuonyesha foto ya chukudu imejaa makaa na muzee akaanza kueleza mbao zinachongwa namna gani na mpira wa tairi unapigiliwaje kwenye gurudumu, mikono yake inafanya kazi hewani! Hakusema jina la mtu hata mmoja, na sisi wote tulikuwa na machozi.

"Baba anajitambua kwenye foto akiwa kijana na abacost, ile suti ya wakati wa Mobutu, lakini ya mwaka jana anasema 'huyu muzee ni nani?'" (mama wa Katindo)

Ugonjwa huu mara nyingi unakula mambo mapya kwanza, ya ujana yanabaki siku nyingi. Ndani yake baba bado ni yule kijana wa abacost. Basi umfuate kule, toa foto za wakati alikuwa na miaka kumi mpaka thelathini, za juzi uziweke kando. Na kitu kimoja watu wanasahau: mwaka 1972 rais Mobutu alikataza majina ya kizungu, watu wakachukua majina ya kienyeji, kwa hiyo baba anaweza kuwa alikuwa na jina moja utotoni na lingine kazini. Uliza wazee wenzake walimuitaje miaka ile, halafu umuite hivyo ukiwa umeshika foto ile. Angalia uso wake.

"Tate anaongea na watu wa kwenye foto ukutani, shangazi anasema ni mchawi." (Ndosho)

Hapana. Hapana kabisa, na umwambie shangazi kwa heshima lakini umwambie. Ni ugonjwa wa ubongo, daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani aliueleza tangu 1906. Wazee wetu wanafukuzwa nyumbani, wanapigwa, juu ya neno hilo moja. Kama foto zinamuogopesha usiku uziondoe ukutani, na kioo ukifunike. Lakini kama alikuwa sawa na amechanganyikiwa ghafla, kwa siku mbili tatu, mpeleke hospitali haraka: inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, sukari, ao dawa anazokunywa, na hayo yanatibika.

"Niko Ubelgiji, nimuonyeshe muzee wangu foto kwa WhatsApp?"

Kioo cha simu ni kidogo na kinang'aa. Tuma foto ichapishwe kubwa, mdogo wako aishike mbele yake na wewe uongee tu. Waangalie macho yake pia, labda ana mtoto wa jicho na nyinyi mnafikiri amesahau. Na wakati mko hapo kama muzee ana mdogo wake ambaye bado anakumbuka mumuulize, muandike majina nyuma ya kila foto, kwa kreyoni, ni kusema penseli, si kwa biki, biki inapita mpaka upande wa uso.