Usiishie mwanzo wa jeni: funzo la bakteria wa kwato

Kosa lililonifundisha kazi hii lilikuwa la uvivu tu. Kondoo walikuwa wanachechemea, kwato zimeoza hadi unazinusa kabla hujazigusa, na mezani nilikuwa na mfuatano wa jeni uliosomeka nusu. Nilipougeuza kuwa protini, kipande kile kililingana kabisa na cha kundi B, moja ya makundi ya bakteria anayeozesha kwato. Nikaandika: kundi B. Chanjo ikachaguliwa kwa neno langu, kondoo wakachomwa sindano, na wiki kadhaa baadaye walikuwa bado wanakula majani wakiwa wamepiga magoti.

Bakteria mwenyewe ni Dichelobacter nodosus, ambaye mtafiti Beveridge alimtambua huko Australia mwaka 1941 kuwa ndiye chanzo cha kuoza kwato. Ana vinyweleo vyembamba, unene wake nanomita 6 hivi, ambavyo huvirusha mbele kisha huvivuta ili ajikokote. Kitaalamu vinaitwa pili, lakini ukitamka “pili” mbele ya wafugaji watakuuliza ya kwanza iko wapi, kwa hiyo mimi husema vinyweleo. Wala si pambo. Mwaka 2001 watafiti walichapisha kazi ambamo waliivuruga jeni ya fimA, inayotengeneza protini ya vinyweleo hivyo. Bakteria aliyebaki bila vinyweleo alishindwa kuwatia kondoo ugonjwa, na hata utoaji wa vimeng'enya vyake vinavyokula protini ulipungua.

Sasa, kwa nini nusu ya kwanza ilinidanganya? Jeni ya fimA ni fupi, haifiki herufi 500 za DNA. Protini inapotoka kwenye kiwanda cha seli ina kipande cha asidi amino 7 mbele (asidi amino ni vijenzi vya protini). Kinakatwa, na kinachobaki kinaanza na fenilalanini. Kutoka hapo unasoma FTLIELMIVV, kila herufi ni asidi amino moja, mfuatano ambao nimeukariri kama namba ya simu. Utaukuta kwa kila kundi la bakteria huyu, na hata kwa bakteria wengine kabisa wenye vinyweleo vya aina ya nne, mfano Pseudomonas aeruginosa. Kuupata, basi, hakukuambii ni kundi lipi.

Fikiria pawa nyingi zilizofungwa pamoja, mipini ndani, vichwa nje. Mpini ndio huo mwanzo wa protini: umejikunja kama springi, unachukia maji, umefichwa katikati ya unyweleo. Kingamwili za kondoo haziugusi. Zinachokiona ni vichwa, na vichwa vinatokana na sehemu inayofuata ya jeni, ile niliyokuwa sijaisoma. Humo ndimo makundi yanamoachana, na yako 10: A hadi I, pamoja na M.

Unaweza kusema, si uchanje makundi yote kwa mpigo? Nilifikiri hivyo pia. Tatizo ni kwamba vinyweleo vya makundi mengi vikichanganywa kwenye chanjo moja vinashindana: kingamwili kwa kila kundi zinapungua na kinga inaisha mapema. Nepal na Bhutan walifanikiwa kwa chanjo zilizolenga makundi machache yaliyokuwapo kweli kwenye mifugo yao.

Kwa hiyo chukua sampuli kwa kondoo kadhaa, maana zizi moja linaweza kuwa na makundi zaidi ya moja. Pangusa katikati ya kwato penye kidonda kibichi, tena kabla ya kuwapitisha kwenye josho la miguu. Jeni isomwe kutoka pande zote mbili. Kundi likijulikana ndipo uzungumze chanjo. Na urudie kupima ugonjwa ukirejea. Bakteria huyu anaweza kuokota DNA ya mwenzake na kubadili kundi, jambo lililothibitishwa maabara.

Ukipenda kuliona umbo la protini kwa AlphaFold au programu kama hiyo, ondoa kwanza zile asidi amino 7. Usishtuke pia ukiona mpini umechomoza peke yake hewani. Programu imekuchorea upawa mmoja. Kwenye unyweleo halisi mipini imebanana.

Haya yote usiyahamishie kwa ndama wanaoharisha siku za kwanza. E. coli wao hushika utumbo kwa vinyweleo vya aina nyingine, F5, vilivyoitwa zamani K99. Hapo anayechanjwa ni ng'ombe mwenye mimba, na ndama hupata kinga kwenye maziwa ya kwanza.

Siku hizi kwenye fomu ya majibu naandika nimesoma kuanzia asidi amino ipi hadi ipi. Mkia usiposomeka, naandika “kundi halijajulikana” na kuomba sampuli nyingine, hata kama mwenye kondoo amesimama mlangoni ananitazama.