Bodishepa (nguo ya ndani ya kubana mwili) ndani ya shela: maswali yenu

Kiuno changu ni inchi 34, nyonga 44. Nichukue saizi ndogo ili tumbo liingie zaidi? (Ipagala)

Usithubutu. Saizi ndogo haiondoi nyama, inazihamisha tu: zitachomoza mgongoni chini ya sidiria na kwenye mapaja. Ukikaa meza kuu, mkanda wa juu utajikunja na kushuka kiunoni, na chini ya satini mkunjo huo unaonekana hadi viti vya nyuma. Nunua kwa vipimo vya leo, si vya mwili unaoutarajia. Kiuno kikiangukia saizi moja na nyonga nyingine, fuata kubwa. Ijaribu nyumbani saa mbili nzima: kaa, inama, panda ngazi. Paja likifa ganzi au pumzi ikikatika, haikufai.

Shela ni jeupe. Na ndani nivae nyeupe? (Kondoa)

Nyeupe ndiyo inayoonekana. Tafuta inayokaribia ngozi yako, kahawia au chokoleti; ile ya pinki wanayoiita "rangi ya mwili" ni mwili wa mtu mwingine. Kwa gauni linalobana hadi magotini, ivuke katikati ya paja, na pindo liwe bapa, lisilo na mshono. Gauni likimwagika kuanzia kiunoni, mapaja hayana haja ya kubanwa.

Fundi ananijaribisha wiki ijayo, bodishepa nitanunua baadaye. Sawa? (Mpwapwa)

Inunue kwanza. Akikupima bila hiyo, kiuno cha gauni kitapwaya. Akipunguza halafu siku yenyewe usiivae, zipu haitafunga. Nenda nayo pamoja na sidiria na viatu vya siku hiyo, maana urefu wa pindo unategemea kisigino.

Nimeona za mitumba soko la Sabasaba, bei nzuri. (Area C)

Vuta mkanda, achia. Ukirudi polepole au ukabaki na mawimbi, mpira umekufa. Iangalie pia juani: vinyuzi vyeupe vilivyochomoza ni mpira uliokatika.

Nina mimba ya miezi minne. (Singida)

Usibane tumbo. Vaa taiti laini ya wajawazito, fundi aongeze nafasi.

Bodishepa ya kuvaa na sidiria isiyo na kamba hunishuka. (Makole)

Ile tepu ya silikoni ya ndani ya mkanda wa juu haishiki kwenye mafuta wala poda. Siku hiyo usipake chochote inapokaa, na jasho la Oktoba lifute kabla ya kuvaa. Chagua yenye uwazi chini wa kutumia chooni, na ujizoeze kuutumia mapema ukiwa na matroni wako, gauni likiwa limeshikwa juu.