Gasketi imeungua tena: majibu kwa wenye magari ya zamani

SWALI: Wapendwa mafundi, salamu. Nina RAV4 ya 1997, injini ya petroli 3S-FE. Ilichemka nikipanda Kibumba, kaskazini mwa Goma, gereji ikabadilisha gasketi ya silinda hedi (kizibo chembamba kinachokaa kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku, yaani mwili wake). Haikumaliza miezi miwili, maji yakaanza tena kusukumwa kwenye kidumu cha akiba, na mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kama ubao. Fundi anasema gasketi za sokoni ni feki, tununue nyingine. Ni kweli?
*Msomaji wa Himbi, Goma*

JIBU: Ndugu msomaji, gasketi feki zipo, lakini usianzie hapo. Mara nyingi gasketi huunguzwa na joto la injini iliyochemka. Ukiweka mpya bila kutafuta kilichochemsha injini, nayo itakwenda njia ile ile.

Hakikisha kwanza kwamba kweli imeungua. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji hadi shingoni, washa. Mapovu machache yanayokoma ni hewa iliyobaki ndani. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda. Kisha funga kifuniko, washa tena na ushike mpira wa juu. Ukijaa shinikizo ndani ya dakika mbili tatu, maji yakiwa bado baridi, jibu umelipata, maana maji baridi hayana nguvu hiyo. Gereji yenye kipimo cha dawa ya buluu inaweza kuthibitisha: dawa hugeuka njano ikikutana na gesi ya moshi. Pima pia kompresheni, yaani shinikizo la hewa inayobanwa ndani ya silinda. Kwa injini hii isishuke chini ya kilo 10 kwa sentimita ya mraba, na tofauti kati ya silinda isizidi kilo 1. Silinda mbili jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imekatika katikati yao.

Sasa kazi yenyewe. Hedi ya alumini haifunguliwi ikiwa ya moto. Acha ipoe kabisa, halafu legeza bolti zote 10 kwa awamu, ukianzia pembeni kuelekea katikati. Anayefungua moja hadi mwisho na kuhamia nyingine anaipinda hedi kwa mkono wake.

Hedi ikiwa mezani, weka juu yake rula ya chuma iliyonyooka: mara mbili kwa urefu, mara mbili kwa upana, na kutoka kona hadi kona pande zote mbili. Pitisha chini yake kibati cha kupimia nafasi cha milimita 0.05. Kikipita, hedi imepinda na inahitaji kusawazishwa kwa mashine. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Kusugua kwa msasa uliozungushiwa ubao hula kingo na kuacha katikati, hedi inang'aa lakini haijanyooka. Pima uso wa bloku pia, kwa kuwa kikomo chake ni hicho hicho. Hedi iliyochemka sana ipimwe ufa kwa shinikizo la hewa kabla ya kulipia mashine, hasa kati ya viti vya vali.

Gasketi ya zamani ikwanguliwe kwa kikwangulio cha plastiki au cha mbao ngumu. Diski za kusugulia zinazofungwa kwenye drili huacha unga mkali unaoingia kwenye njia za oili na kula beringi za krenki, shafti kuu ya injini. Gari linarudi likigonga chini, na lawama inaiangukia oili.

Mashimo ya bolti kwenye bloku yakaushwe kwa hewa hadi chini. Shimo lenye maji au oili hudanganya spana: bolti inabana kimiminika badala ya kubana hedi, na bloku inaweza kupasuka. Pangusa nyuzi za bolti, zipake oili nyepesi pamoja na chini ya kichwa cha bolti. Bolti iliyoonyesha kiuno chembamba au iliyorefuka kuliko wenzake itupwe. Gasketi inawekwa kavu, bila silikoni na bila grisi. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, hadi Nm 49 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Kisha weka alama ya rangi kwenye kila bolti na uizungushe digrii 90 zaidi, yaani robo duara. Bila spana yenye kipimo, kazi hii isianze.

Pampu ya maji ya 3S-FE inazungushwa na mkanda wa taimingi. Kwa kuwa mkanda umeshatolewa ili hedi ifunguliwe, kagua pampu. Ikiwa inavuja au inacheza, ibadilishe sasa.

Tuje kwa kilichochemsha injini. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi joto 95 za Selsiasi. Kifuniko kizima cha rejeta, kinachoshika shinikizo la kilo 0.9 kwa sentimita ya mraba, hupandisha kiwango hicho hadi karibu 116. Feni ya umeme kwenye Toyota za aina hii huanza kuzunguka karibu nyuzi 93. Fanya hesabu: kifuniko kikiwa na mpira uliochoka, maji yako yanakaribia kuchemka feni ikiwa ndiyo kwanza inaamka. Halafu unapanda Kibumba na mzigo. Kifuniko ni kitu kidogo sana kwa gharama ukilinganisha na hedi, nacho ndicho kinachosahauliwa kila siku. Baada ya hapo angalia kama feni inawaka yenyewe, kama mapezi ya rejeta yamezibwa na vumbi la lava, na kama rejeta ina sehemu zilizo baridi wakati nyingine ni za moto. Sehemu baridi zimeziba ndani.

SWALI: Mafundi, fundi wangu ametoa thermostati (vali inayofungua njia ya maji kwenda rejeta injini ikipata moto) akasema huku kwetu haina kazi. Na maji ya ziwa yanafaa kwa rejeta?
*Mama mwenye Corolla, Keshero*

JIBU: Mama, irudishwe. Kwenye injini nyingi thermostati ina diski ya pili chini, inayofunga njia ya mkato injini ikipata moto. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta.

Maji ya Kivu yana chumvi na madini mengi, na yakipata moto huacha magamba kwenye rejeta. Ya mvua nayo si salama moja kwa moja, kwani moshi wa Nyiragongo huyatia asidi. Tumia maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa kujazia betri, ukihakikisha dukani kwamba si asidi yenyewe, nusu kwa nusu na kulanti, dawa ya maji ya rejeta. Baridi ya barafu hatuna, lakini kulanti huzuia kutu na kuliwa kwa alumini kando ya matundu ya maji, pale pale gasketi inapokaa.

SWALI: Kifuniko cha oili kina utando mweupe, na asubuhi ekzosti inatoa moshi mweupe. Nifungue injini?
*Dereva wa Ndosho*

JIBU: Bado. Safari fupi na asubuhi za baridi huleta unyevu chini ya kifuniko, na mvuke unaoisha injini ikipata moto ni wa kawaida. Chomoa kijiti cha oili. Ikiwa oili yenyewe imegeuka rangi ya chai ya maziwa, au maji yanapungua bila kuvuja nje, zima gari na usiliendeshe.

SWALI: Hiace yangu ni dizeli 3L. Gasketi zake dukani zina alama tofauti. Nichukue ipi?
*Msomaji wa Majengo*

JIBU: Alama hizo ni unene. Kwenye dizeli hii pistoni huchomoza kidogo juu ya bloku, na unene huchaguliwa kwa kupima mchomozo huo kwa saa ya kupimia, kila pistoni, ukifuata ile iliyochomoza zaidi. Kama bloku na pistoni hazijaguswa, chukua alama ile ile ya gasketi iliyotoka, kwa hiyo usiitupe kabla ya kwenda dukani. Nyembamba mno, pistoni itagusa hedi. Nene mno, kompresheni inashuka na gari linawaka kwa shida asubuhi.

SWALI: Unga wa kuziba unaomiminwa kwenye rejeta je?
*Msomaji wa Birere*

JIBU: Unaweza kupunguza uvujaji mdogo kwa siku chache, ukufikishe gereji. Lakini unaziba pia mirija myembamba ya rejeta na ya hita. Ukishautumia, siku hedi inafunguliwa rejeta nayo ishushwe na kusafishwa, la sivyo gasketi mpya itafungwa kwenye injini isiyopoa.