Paneli Si Adapta: Kwa Anayeanza Kubuni Chaja ya Sola ya Betri za Lithiamu

Vijana wengi wanaoniletea saketi zao wameanzia upande wa betri. Wamechagua seli, wamelehemu vizuri, na mwisho kabisa ndipo wanauliza paneli iwe ya wati ngapi. Anza na paneli. Betri ya lithiamu haina mambo mengi: seli ya kawaida, kama zile 18650 za laptopu, inajaa ikifika volti 4.2, na ya fosfeti ya chuma (LiFePO4) inajaa kwenye 3.65. Unaisukumia mkondo usiobadilika hadi ifike hapo, unaishikilia kwenye volti hiyo, na mkondo ukishapungua hadi kama sehemu ya kumi ya ule wa mwanzo, unakata. Usiiache ikidonoa chaji kutwa nzima kama betri ya gari.

Mwenye vituko ni paneli. Adapta ya ukutani ukiiomba ampia moja inatoa, na volti zake zinabaki palepale. Paneli ukiiomba zaidi ya ilicho nacho, volti zinaporomoka. Utaliona hilo asubuhi jua likiwa bado changa: taa ya chaja inawaka, inazima, inawaka tena, na multimita kwenye waya za paneli haitulii. Chipu inaamka, inavuta, paneli inazama, chipu inalala. Hapo ndipo fundi anasema kauziwa chipu feki. Mara nyingi si feki, ila haikutengenezewa jua. Tafuta inayopunguza mkondo yenyewe pale volti za paneli zinaposhuka hadi kiwango ulichopanga: CN3791 kwa seli moja, LT3652 au BQ24650 kwa pakiti ya seli kadhaa.

Kiwango hicho ndicho kinachowaponza watu. Nyuma ya paneli ya "volti 12" utakuta Vmp, yaani volti ambapo paneli inatoa nguvu nyingi zaidi, ya 18 au karibu yake, lakini hiyo imepimwa seli za paneli zikiwa na nyuzi joto 25. Juu ya bati Dar es Salaam, saa saba mchana, paneli inafika nyuzi 65 bila taabu, na kila nyuzi inayopanda inakula takriban asilimia 0.4 ya volti hizo. Nyuzi 40 za ziada ni asilimia 16, kwa hiyo 18 yako imebaki 15. BQ24650 inapokea volti za paneli zikiwa zimegawanywa na rezista mbili, kisha inazilinganisha na volti 1.2, hivyo rezista ya kilo-omu 499 juu na 36 chini zinakupa 17.8. Mezani inapendeza, lakini mchana wa joto chaja itasita kuvuta huku jua likiwaka. Weka 412 mahali pa 499, upate karibu 15. Asubuhi paneli ikiwa baridi utapoteza kidogo, na mimi hasara hiyo naikubali.

Ukishaijua hiyo 15, mengine yanajipanga. Seli tatu mfululizo zinajaa kwenye 12.6, zinaingia vizuri. Nne za fosfeti ya chuma zinataka 14.6, na chaja ya kushusha volti haina tena pa kupumulia. Chukua paneli yenye volti zaidi kidogo. Usikimbilie zile za "volti 24" za nyumbani: zikiwa wazi, yaani hazijaunganishwa na kitu, nyingi hupita volti 40, na BQ24650 mwisho wake ni 28.

Ukubwa hauna ugumu. Pakiti ya volti 11.1 na ampia-saa 10 ni wati-saa 111. Paneli ya wati 30, kwa saa tano za jua kali, ukitoa asilimia 30 ya upotevu, inaleta 105 kwa siku, karibu kuijaza.

BMS, ile bodi ya kulinda seli za pakiti, ni mlinzi, si chaja. Anayetegemea BMS ndiyo ikate kila betri ikijaa amekodi mlinzi akampa kazi ya mpishi. Thamista, kile kihisi cha joto, ibandike kwenye seli ya katikati ya pakiti, ambako joto halina pa kutokea, na chaji isimame ikipita nyuzi 45. Usiifunge pakiti mgongoni mwa paneli hata kama kisanduku kitapendeza.

Kabla ya kutoka nje, jaribu na pawa saplai ya mezani, lakini ibane mkondo: volti 19, ampia 1, huku chaja ukiwa umeipangia ivute 2. Taa ikipepesa, rudi kwenye rezista zile mbili. Ikitulia na volti za kuingia zikasimama karibu na 15, peleka juani.