Sumaku Uliiweka Wapi?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mtu wa Wete, baharia, sasa nimetia nanga Hamburg na nina kibali cha kukusanya silaha za zamani. Nimeoneshwa bastola ya Walther imeandikwa P38, na muuzaji anaapa ni ya Vita Kuu ya Pili, yote chuma. Nimeijaribu kwa sumaku, ikanata pa! Lakini mkononi naiona nyepesi. Nimwamini nani, sumaku au mkono wangu?
— Baharia wa Wete

JIBU: Marahaba mwanangu. Na mimi nakuuliza: hiyo sumaku uliiweka wapi?

Nakuuliza kwa sababu kosa hilo nimelifanya mimi. Nilipokuwa kijana najifunza kwenye karakana ya silaha hapa Unguja, nilipewa bastola ya Kijerumani niiandike daftarini. Nikabandika sumaku juu, ikashika, nikaandika "chuma". Mkubwa wangu hakusema kitu. Akaifungua, akanitia slaidi, kile kipande cha juu kinachoteleza, mkono wa kulia, na fremu, yaani mwili wa chini wenye mpini, mkono wa kushoto. Wa kulia ukashuka wenyewe. Nikafuta nilichoandika, na mashikio yakiniwaka moto.

Slaidi ile ya juu ni chuma kwa bastola zote za namna hiyo, za vita na za baada ya vita. Ukiweka sumaku pale hujauliza kitu. Ukiiweka kwenye mpini, magazini ya chuma, lile kasha la risasi lililomo ndani, itaivuta. Basi hakikisha kwanza haina risasi, toa magazini, halafu iweke sumaku kwenye ringi inayozunguka kifyatulio. Ringi ile ni sehemu ya fremu yenyewe, na karibu yake hakuna chuma cha kukudanganya, ila usikigusishe kifyatulio. Ikinata, fremu ni chuma. Ikiteleza ikaanguka, ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya alumini, ambayo uzito wake ni kama theluthi ya chuma. Mkono wako haukusema uongo.

Sasa hilo jina la P38. Muuzaji huenda si mwongo, hajui tu. Walther walianza tena kuitengeneza mwaka 1957 kwa ajili ya jeshi la Ujerumani Magharibi, na fremu wakaifanya ya alumini. Jina lake jipya, P1, lilikuja mwaka 1963. Kwa hiyo ipo miaka kadhaa ambayo bastola ilitoka kiwandani na fremu ya alumini na bado imepigwa chapa ya P38! Za vita tafuta alama ya kiwanda ubavuni mwa slaidi: ac ni Walther, byf ni Mauser, cyq ni Spreewerk. Na ukiona kichwa cha pini chenye pembe sita kimepita kwenye fremu, juu ya kifyatulio, hiyo ni fremu ya aloi ya miaka ya baadaye; pini hiyo waliiongeza kuitia fremu nguvu.

Tazama pia palipochubuliwa na mfuko wa ngozi. Alumini ikivuka rangi hung'aa nyeupe, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga wa pwani. Chuma hubaki kijivu, na kwa hewa yetu hii ya chumvi, ukikiacha usiku mmoja bila mafuta asubuhi kishakuwa na wekundu. Alumini haina kutu nyekundu. Huota unga mweupe. Lakini nakuomba, mtu asikwambie ukwangue kwa tupa ili uone. Wapo mafundi wa namna hiyo, na bastola ya mkusanyaji ikishakwanguliwa thamani yake imekwenda.

Rudi dukani na sumaku ndogo, ile ya spika ya redio inatosha. Ikianguka, usigombane na mtu wa watu: bastola bado ni nzuri, mpe bei ya alumini.